Kiti Chembamba, Mgongo Uliotulia: ushauri kwa wenye viti vya plaiwudi Lwiro, Bukavu na kwingineko

Kabla hujakitoa kiti cha zamani kwenye stoo ya parokia au ya shule ukakipasue kuni, kigeuze miguu juu, uangalie ukingo wa kikalio chake. Ukiona mistari myembamba iliyolaliana kama kurasa za kitabu, mmoja umekoza rangi na mwingine umepauka, umeshika plaiwudi, ambayo mafundi wa Kadutu, mjini Bukavu, huiita tripleksi. Na kama kikalio hicho hakikukatwa bapa, bali kimekunjwa kikawa na bonde katikati na mteremko mbele, basi umeshika kazi iliyowahangaisha wabunifu wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita. Usikiharakishie shoka.

Naandika nikiwa na Lwiro akilini. Kituo kile kilichoko Kabare, kama kilomita 45 kaskazini mwa Bukavu, kilianza kama makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1947, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Louis van den Berghe. Leo ni CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia. Maktaba yake yenye rafu za mbao, maabara na nyumba za watafiti vilijengwa katika miaka ileile ambayo plaiwudi iliyokunjwa ilikuwa ikiingia katika ofisi, mikahawa na madarasa ya dunia nzima. Kwa hiyo mtu wa Lwiro, wa Katana au wa Bukavu anaishi karibu na samani za zama hizo kuliko anavyodhani. Ziko moja moja: nyuma ya mlango wa ofisi, barazani kwa mzee mstaafu, kwenye chumba cha walimu. Vita vya tangu 1996 na bei ya makaa vimekula nyingi. Hizi zilizobaki zinastahili mtu anayejua namna ya kuzikalia, kuzitengeneza na kuzilinda.

Tuanze na raha, maana ndiyo inayotiliwa shaka kwanza. Mtu akiona kiti kisicho na sponji husema kitamwumiza. Sponji humbembeleza mkaaji dakika za mwanzo. Baadaye hubonyea, mifupa ya makalio ikagusa chini, na mgongo ukakosa wa kuushika. Kiti cha plaiwudi kilichokunjwa vizuri hutumia umbo. Bonde la kikalio huutawanya uzito usilemee mifupa miwili peke yake. Ukingo wa mbele umeinamishwa ili usibane mapaja na kuzuia damu. Egemeo limepinda pale kiuno kinapopinda. Juu ya hayo, mbao yenyewe hunyumbuka kidogo ukiegemea, kisha hurudi mahali pake. Ule mnyumbuko mdogo ndio unaomfanya mtu akae saa nzima ya mkutano bila kujipindapinda.

Siri yake iko katika matabaka. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, siyo kwa urefu wa nyuzi zake. Ukichukua tabaka jembamba, ukalibandika juu ya lingine lililolazwa kukingama, kila moja linalizuia lenzake lisivimbe wala lisipasuke. Ndiyo maana matabaka huwa kwa kawaida ni witiri: matatu, matano, saba. Yakiwa bado na gundi mbichi hubanwa kwenye kalibu kwa nguvu na joto, na gundi ikikauka umbo limekwisha kufungwa humo.

Alvar Aalto, msanifu wa Ufini, aliona mapema faida ya njia hii kwa mwili wa mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akitengeneza samani za hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, alikunja mbao ili mgonjwa akae ameegemea kwa pembe ya kumrahisishia kupumua. Alichagua mbao badala ya bomba la chuma kwa sababu chuma ni baridi kwa anayekigusa. Wakazi wa Lwiro, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600, hawahitaji kuelezwa hilo. Kiti cha chuma asubuhi ya kiangazi hukuamsha kabla ya chai.

Charles na Ray Eames, mume na mke waliofanya kazi California, walijifunza kazi hii wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaagiza banzi za askari waliovunjika miguu, nao wakazikunja kwa plaiwudi zikafuata umbo la mguu. Walipogeukia kiti walitamani kukunja kikalio na egemeo kuwa kipande kimoja, lakini mbao ikawa inapasuka pale inapopinda kwenda juu. Wakavitenganisha vipande viwili, wakaviunga kwenye kiunzi kwa vipande vya mpira. Ndivyo kilivyopatikana kile kiti cha chini, LCW, cha mwaka 1945 hadi 1946, ambacho jarida la Time lilikitaja mwaka 1999 kuwa ubunifu bora wa karne ya 20. Arne Jacobsen wa Denmark alikuja na ganda la kipande kimoja mwaka 1952. Alilipunguza sana pale kiunoni. Kumbuka mahali hapo. Kwenye kiti chochote cha aina hii, mkunjo kati ya kikalio na egemeo ndio wa kwanza kuangaliwa ufa.

Sasa chukua tepu. Kaa mahali pa chini kidogo, nyayo zikiwa bapa sakafuni, ukiwa umevaa viatu vyako vya kila siku, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kikalio kinachokufaa. Viti vingi vya mezani vya zama zile vina sentimita 43 hadi 46, kwa sababu vilipimwa kwa miili ya Ulaya Kaskazini na Marekani. Mama mwenye kimo cha wastani akipimwa anaweza kupata 40 au chini ya hapo, na akikaa juu ya 46 visigino vinaning'inia, paja linabanwa, miguu inakufa ganzi kabla padri hajamaliza matangazo. Kosa hapo ni la kimo tu. Umbo la kiti halina hatia. Kiti chako mwenyewe unaweza kukikata miguu sentimita mbili au tatu. Kata yote minne kwa kipimo kimoja, ukianza na kidogo, maana kilichokatwa hakirudi. Kiti cha taasisi, au kiti unachokishuku kuwa cha thamani, usikikate kabisa. Mtengenezee mkaaji kibao cha kuwekea miguu.

Kisha angalia kina. Ukiwa umeegemea hadi mwisho, vidole vitatu vipite kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti. Visipopita, hutaegemea kamwe. Utakaa mbele kama mgeni wa kesi, na egemeo lote litakuwa limefanya kazi ya bure. Kwa anayeandika au kusoma, pima pia kutoka juu ya kikalio hadi juu ya meza: sentimita 27 hadi 30 zinatosha watu wengi.

Viti vya chini vya mapumziko vina mambo yake. LCW ina kikalio cha sentimita 39 hivi, nacho kimeinama nyuma. Ni raha kwa kijana anayesoma gazeti na kwa wanaoongea jioni. Usimkaribishe hapo bibi mwenye magoti yanayouma. Atakaa vizuri, na kuinuka kutamtaka watu wawili. Mzee mpe kiti cha 44 au 46 chenye mikono, hata kama si kizuri kama kile.

Kama unakaa saa nyingi, mto mwembamba wa kitenge, unene wa sentimita mbili hivi, unaruhusiwa. Zaidi ya hapo unalifukia bonde la kikalio na kukunyanyua mbali na mahali egemeo lilipopimwa kukushika. Watu wanaongeza mto mnene, mgongo unazidi kuuma, wanaongeza mwingine.

Kuhusu sura, nina maoni yangu na sitayaficha. Nyumbani kwetu Bukavu sebule imejazwa makochi mazito ya mahameli, migongo imefunikwa vitambaa vya kufuma, na unene wa kochi umekuwa ndio kipimo cha heshima ya mwenye nyumba. Mtu akiingiza humo kiti chembamba cha plaiwudi, wageni hudhani amefilisika. Lakini kiti hiki hupendeza kwa kuwa unaona kilivyofanywa: ukingo unaonyesha matabaka, mkunjo unaonyesha nguvu ilikokwenda, na hakuna kitambaa cha kuficha kazi mbaya. Kinahitaji nafasi. Kiweke mahali ambapo ubavu wake unaonekana, kando ya dirisha lakini nje ya jua la moja kwa moja, kwa sababu jua hupausha mbao na kukausha vanishi. Ondoa kitambaa cha kufuma mgongoni mwake. Viti viwili vinavyofanana mbele ya ukuta mweupe vinatosha chumba kidogo, na huo wepesi wake ni msaada kwa nyumba ya watu wengi: mtoto wa miaka kumi anaweza kukibeba hadi uani wageni wakizidi.

Ukipata cha zamani, kikague mchana, nje. Pitisha ukucha ukingoni mwote. Mahali ukucha unapozama, matabaka yameachana. Halafu gonga kikalio kwa kifundo cha kidole, kidogo kidogo, kutoka katikati kwenda pembeni: sauti ngumu na fupi ni nzuri, sauti ya mvungu inasema gundi imeachia ndani ingawa juu hapaonekani kitu. Tazama kwenye mkunjo wa kiuno. Tafuta matundu madogo ya wadudu, na ukiyaona weka kiti juu ya karatasi nyeupe peke yake, mbali na samani nyingine, kwa wiki mbili. Unga mpya ukianguka, wadudu wako hai. Wapigie dawa ya mbao kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, kabla ya jambo lingine lolote. Mwisho, shika egemeo uliyumbishe. Likicheza, angalia kama ni skurubu iliyolegea, ribiti iliyokatika au mpira uliokauka. Mipira ya miaka ya 1950 imekwisha kuwa migumu, na ikiachia ghafla hung'oa na tabaka la mbao. Kiti cha namna hiyo kisiegemewe mpaka kibadilishwe mpira.

Kwenye matengenezo ndipo viti vingi vinapouawa, kwa nia njema kabisa. Mtu anakipeleka kwa fundi na kumwambia, "Papa fundi, nipigilie misumari miwili tu, nina haraka." Fundi anapigilia. Msumari unayapasua matabaka, maji yanapata njia, na mwaka unaofuata ukingo wote umefunguka. Msumari haushiki plaiwudi kwa ubavu wake. Mwambie fundi kwa heshima kwamba utasubiri.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Fungua ule mwachano taratibu kwa kisu chembamba, bila kuulazimisha. Kwangua gundi ya zamani iliyogeuka unga, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya vumbi. Pulizia litoke. Gundi nyeupe ya maseremala inafaa kwa kiti cha ndani. Ipake kwa kipande cha kadi ngumu au uisukume kwa bomba la sindano hadi mwisho wa ufa, kisha bonyeza mpaka itoke ukingoni pande zote, uifute kwa kitambaa chenye unyevu. Gundi ya fundi viatu usiiguse hapa: inabaki laini na matabaka yatateleza. Sasa kubana. Jiriwa iliyonyooka haikai kwenye mkunjo, itabana sehemu moja na kuacha nyingine. Funika mahali hapo kwa nailoni isigandane, weka juu yake vipande vya mbao vilivyochongwa kufuata umbo, halafu chukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliokatwa kuwa utepe mrefu, uuvute kwa nguvu na kuuzungusha tena na tena. Mpira unabana sawa kila upande wa mkunjo, na hauwezi kukwaruza mbao. Kikalio kipana kinaweza kulaliwa na mfuko wa mchanga. Acha siku nzima. Wakati wa masika, ukungu wa asubuhi ukiwa umelala Lwiro, acha siku mbili.

Msasa ni hatari nyingine. Tabaka la juu mara nyingi halifiki milimita moja, na mashine ya msasa hulimaliza kabla hujazima swichi. Utaona ghafla rangi nyingine imetokea na hapo hakuna dawa. Tumia mkono, msasa namba 180 kisha 240, ukifuata nyuzi. Ukimaliza, vanishi nyembamba mara mbili hufaa kwa kiti cha shule. Kwa kiti cha nyumbani napenda mafuta ya kitani yakifuatwa na nta ya nyuki, kwa kuwa baadaye unaweza kurudishia mahali palipochakaa bila kukwangua kiti kizima. Matambara yenye mafuta hayo yatandaze nje yakauke. Yakikunjwa na kurundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.

Kuna adui mmoja tunayemfuga wenyewe: ndoo ya maji. Jumamosi sakafu ya saruji ya kanisa au darasa inamwagiwa maji, viti vikiwa vimesimama humo humo. Miguu ya mbao inanyonya maji kutoka chini, ile ya bomba inashika kutu kwa ndani. Vinyanyueni viti juu ya meza kwanza. Nunua vifuniko vya mpira vya miguu, ni rahisi kupatikana kwa wauza vifaa, na kwenye miguu ya mbao pakaa vanishi kwenye nyayo zake, mahali ambapo mafundi wengi husahau kabisa.

Wako watakaotaka vipya. Inawezekana kumwagiza fundi wa Kavumu au Bukavu, mradi umwombe kinachowezekana. Mkunjo wa pande mbili kwa pamoja, kama bakuli, unahitaji kalibu ya kiwanda na joto. Mkunjo wa upande mmoja unawezekana kwa karatasi za plaiwudi za milimita tatu au nne, tatu au nne zikipakwa gundi na kubanwa pamoja juu ya kalibu ya mbao hadi zifikie unene wa milimita 10 au 12. Karatasi ya plaiwudi hunyumbuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine; jaribuni kwa mkono kabla ya kukata. Mkunjo usiwe mkali kuliko tumbo la ndoo ya lita ishirini, na kalibu ipinde kidogo kuzidi umbo mnalolitaka, kwa sababu ikifunguliwa mbao itarudi nyuma kiasi. Fanyeni egemeo na kikalio viwe vipande viwili, kama walivyolazimika akina Eames, mkaviweke juu ya miguu ya grevilia au mkaratusi uliokauka vizuri. Lipia kiti kimoja cha majaribio, kikaliwe na watu wa nyumba nzima, ndipo uagize vingine. Kalibu ikae kwako au kwa fundi kwa makubaliano, maana ndiyo ghali. Faida ya njia hii kwa Kivu ni kubwa: matabaka membamba yanaupa mti mmoja viti vingi kuliko mbao nzito, na tunajua misitu ya pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega imeshabeba mzigo kiasi gani.

Nina neno kwa wakuu wa shule, maparoko na wahasibu wa taasisi. Akija mtu mwenye gari na maneno matamu kununua "vile viti vibovu vyote", msimjibu siku hiyo. Kule Chandigarh, India, viti vya ofisi vya miaka ya 1950 vilivyobuniwa na Pierre Jeanneret vilitupwa juu ya mapaa na kuuzwa kama chakavu. Baadaye vikaonekana kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola kila kimoja, hadi serikali ya India ikatoa amri mwaka 2011 ya kuzuia visiuzwe nje. Karibu zaidi nasi, Brazzaville, nyumba ya chuma iliyobuniwa na Jean Prouvé na kusimikwa mwaka 1951 iling'olewa, ikasafirishwa, na mwaka 2007 ikanadiwa New York kwa karibu dola milioni 5. Sisemi kila kiti cha Lwiro ni mali ya mnada. Vingi ni viti vya kazi tu, na thamani yake ni kwamba bado vinakalika. Ila uamuzi wa kuuza ufanywe na kamati, baada ya kuvijua.

Na kuvijua kunaanza na daftari. Geuzeni kila kiti, mtafute muhuri wa moto, lebo ya karatasi, kibandiko cha bati au namba ya rangi iliyopakwa chini ya kikalio. Hizo ndizo zitakazosema kilitoka wapi na kilikuwa cha chumba gani. Msizikwangue wakati wa kupaka vanishi, hata kama zinaonekana uchafu. Piga picha ya ubavu, ya chini na ya namba. Andika namba ya zamani ilivyo, pamoja na herufi zilizofutika nusu, uandike na jina la chumba kiti kilipo leo, kisha nakala ya pili ya daftari umkabidhi mtu asiyeshika ufunguo wa stoo.